Batri Yetu Inabaki ku Sante

Pinga, siku ya soko, lakini soko haikufanyika

Mama yangu muzazi,

Mama Sifa mwenye anakupa hii barua, umupe kwanza kiti na maji. Halafu uangalie mutoto mwenye amemushika mukono. Njo Asifiwe wetu. Amerefuka, lakini utamujua kwa masikio, iko masikio ya marehemu Papa. Ukisha kumukumbatia, keti usome pole pole, ao umupe kaka Dieudonné akusomee, na asiruke hata mahali pamoja juu ya kukuhurumia.

Nakusalimia na amani, hata kama amani yenyewe huku tunaisikia tu ku misa. Mguu wako unaendeleaje? Ungali unaupaka ile dawa ya majani, ao ulikubali kwenda kumuona munganga? Tulisikia kama huko Ngungu mvua ya mwisho ilibeba udongo wa mashamba mpaka barabarani, na nilijiuliza kama ilikuacha na kitu ku lile shamba la chini, lenye uliniambia nisipande muhogo na nikapanda. Sisi huku, nisikudanganye, tungali wote wanne. Nasema wanne kwa sababu nilizaa, Mama. Najua unasikia hii habari ku karatasi, na ulipaswa kuwa hapa kunishika mugongo. Unisamehe. Kutoka kwenu Masisi mpaka huku kwetu Walikale hakuna mutu alikuwa anapita.

Ni mutoto mwanaume. Alikuja mbele ya wakati wake. Tulikuwa shambani, risasi ikalia upande wa juu, tukakimbia, nikaanguka ku muteremko. Mama muzalishi alimupokea ndani ya viganja viwili na nafasi ilibaki. Ni mwekundu, mwembamba, na iko na kucha ndogo sawa magamba ya samaki. Lakini ananyonya kidole changu na nguvu, utasema ni mutu mwenye anadai kitu.

Kitu chenye kinamusumbua ni mapafu. Munganga alinielezea kama mapafu yake iko sawa majani yenye yalilowa na maji: yanashikamana, hayafunguki yenyewe. Kwa hiyo tunakaa hapa ku sante, ku kituo cha afya, tangu alipozaliwa, mimi na yeye, namubeba ku kifua ngozi kwa ngozi, na kamrija kadogo kako ndani ya pua yake. Ule murija unatoka ku masini ya oksijeni. Iko kubwa sawa valizi ya nguo. Inavuta hewa hii hii yenye tunapumua sisi wote, inaichuja, na inamutumia ile yenye nguvu. Inakoroma sawa muzee mwenye alikunywa. Mwanzo kelele yake ilinichosha, nilitaka kuipiga na kiatu. Leo nikitoka tu kufua kitambaa ku bomba, masikio yangu inaitafuta.

Sasa lazima nikuelezee habari ya umeme, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini mutoto mumoja anakuja na mwingine anabaki.

Pinga hakuna umeme wa serikali. Mwenye alileta umeme ni Papa Kasereka, mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka ya sabuni na misumari karibu na kanisa. Alikuwa akisema, "Esanse inalipa ku kila barière ya barabarani. Maji ya muto haina barière." Akaweka turbini moja ndogo, chuma yenye maji inazungusha, ku kijito cha juu, akavuta waya mpaka mujini, halafu akawaletea wamotari pikipiki zenye hazinywi esanse. Zinatembea na batri tu. Zinapita bila kelele, mwanzoni mbuzi zilikuwa hazizikimbii. Bwana yangu Janvier alikamata moja.

Ile turbini iko ndogo. Watu wakilala, inatoa umeme na hakuna mwenye kuula, basi batri za piki zinajaa. Asubuhi wamotari wanaenda kazi yao. Jioni njo shida ilikuwa: kila nyumba inawasha taa, kinu cha unga kinazunguka, Bosco anafungua muziki ku baa yake, na muto peke yake unashindwa. Taa zinakuwa nyekundu sawa makaa, na masini ya sante inaanza kukohoa. Basi fundi wa Papa Kasereka akafunga sanduku ku ukuta wa hangar ya sante, kile kibanda cha kando. Motari akirudi saa ya alasiri, anachomeka piki yake pale, na umeme wenye ulibaki ndani ya batri unarudia ku waya, unasaidia muto. Watu wakisha kulala, muto unalipa deni, unazijaza tena.

Wanaume walibishana sana juu ya hii. Kila mutu aliogopa jirani atakunywa batri yake. Mama Sifa, bibi ya Bosco, mwenye anaongoza likelemba yetu ya wamama, ile ya kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, njo aliwanyamazisha. Alisema, "Nyinyi muko wagumu kichwa. Hii iko likelemba tu. Kila mutu analeta, na kila mutu anakula ku zamu yake. Jioni muji unakula, usiku piki zinakula, na siku sante iko na mugonjwa mukali, sante inakula mbele ya wote." Toka siku ile hata watoto waliita ile hangar "ku likelemba".

Wamotari walikuwa wanachekeshana pale. Bosco, yeye pia ni motari, alimuambia Janvier, "Ndugu, hii piki yako iko ng'ombe. Muchana inabeba, jioni inakamuliwa."

Janvier akamujibu, "Afazali ng'ombe. Yako iko mbuzi, inakula mpaka kamba yenye imeifunga."

Nilikuwa na tumbo kubwa, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama, tulikuwa na kitu kizuri hapa. Nataka ukijue, kwa sababu hakuna mwenye atakiandika.

Kianga kilipofika, maji ilipunguka. Na vita ilikaribia. Alasiri moja watu wakashuka kutoka vijiji vya juu na magodoro ku kichwa, wakisema watu wa bunduki wako wanakuja na njia ya mugongo wa mulima, si kesho, labda kesho kutwa. Wamotari wakakusanyika mbele ya duka ya Papa Kasereka. Mimi sikuwa pale, nilikuwa na mutoto ku kifua, lakini Janvier alinielezea neno kwa neno.

Bosco alisema, "Mimi niko na bibi, na watoto, na mama muzee wa kupakia. Batri yangu haiwezi kulala ku ukuta leo."

Papa Kasereka akasema, "Mukitoa zote pamoja, sijui muto utafanya nini."

"Muto utafanya kazi yake yenye ilikuwa inafanya mbele yetu," mwingine akajibu.

Halafu wote wakamuangalia Mama Sifa, kwa sababu ni yeye alikuwa amewafunga pamoja. Akafikiri, akasema, "Likelemba ikivunjwa kwa amani, hakuna mwenye kupoteza. Kila mutu achukue yake, aende nayo nyumbani. Vita ikipita tutarudishia."

Hapo njo walikosea, Mama, na ni kosa lenye hata mimi ningelifanya. Pesa ya likelemba, ukirudishia kila mutu yake, kila mutu anaenda na yake ndani ya mukono. Umeme si vile. Saa ile ile muji muzima ulikuwa unasaga unga wa safari, ku kinu watu walikuwa wamepanga mustari mpaka barabarani, na kila nyumba ilikuwa inachaji simu ya kukimbia nayo. Wakachomoa batri moja, ya pili, ya mwisho. Na Janvier alichomoa yetu, Mama. Alifikiri ya wengine itatosha. Kila mumoja alifikiri vile. Muto ukabaki peke yake na mzigo wa watu wote, ukavuta, ukashindwa, na turbini ikajizima. Kila nyumba ya motari ilikuwa na batri imejaa chini ya kitanda, na Pinga nzima ikakosa umeme.

Ku sante tuliona feni imesimama. Masini ikalia muda murefu, sauti moja, halafu ikanyamaza. Sijawahi kusikia kitu kimenyamaza vile.

Tulikuwa wamama wawili ku ile masini, munganga alikuwa amegawanya murija. Mwenzangu alikuwa mukimbizi kutoka Nyamitaba, mutu wa kuchunga ng'ombe, mwenye maneno machache. Mutoto wake alikuwa mukubwa kuliko wangu, alikuwa na mashavu. Munganga alimupulizia huyu, anamupulizia yule, anarudi. Janvier alifika anakimbia na batri ndani ya mikono sawa mutu mwenye kubeba jiwe, anatoa jasho, anachomeka, anakosea, anachomeka tena. Masini ikaanza kukoroma. Lakini wa mwenzangu alikuwa amekwisha kwenda. Wangu alibaki. Usiniulize maana, nilishauliza kila mutu mwenye kuulizwa, na Mungu pia.

Ule mama alimuvalisha mutoto wake, alifunga vitu vyake. Mbele ya kutoka, alinipa shuka ndogo ya mutoto, ya sufu, akasema, "Wako anasikia baridi." Niko nayo. Mutoto amelala ndani yake saa hii naandika.

Toka siku ile batri yetu haijatoka ku ukuta. Wamotari wengine walirudishia zao siku ile ile, na haya, bila kuangaliana. Halafu, mumoja mumoja, wakaja kuzichukua tena. Mutu anaingia, anasimama kidogo ku mulango wa chumba changu, anasema, "Mama Asifiwe, utanielewa, niko na familia." Nawaelewa. Namujibu kila mumoja, "Mufike salama." Sina uongo ndani ya hilo neno, ila lilinichosha kinywa.

Sasa imebaki ya Janvier peke yake. Na hii asubuhi Papa Kasereka alikuja, na kofia mukononi. Alisema anafungua turbini, ataificha ile chuma ya ndani na atatoka nayo kwa njia ya Butembo.

Nilimuuliza, "Papa, na mutoto?"

Akasema, "Mama Asifiwe, watu wa bunduki wakiikamata hii chuma watauza kwa kilo, na Pinga haitaona taa tena. Nikiokoa hii, siku moja nitarudi nayo."

"Siku moja," nikasema. "Na mutoto?"

Aliangalia viatu vyake. "Batri yenu imejaa. Nimesimama hapo mpaka imejaa. Sina kingine."

Nilitaka kumukasirikia, lakini machozi yake njo yalitangulia, na mimi sina nguvu ya kunyamazisha mutu muzima.

Basi hivi njo tuko, Mama. Umeme wa muto hauko tena. Kuko batri moja. Batri ile inaweza kutufikisha mbali na Pinga, ao inaweza kumupumulisha mutoto mpaka iishe. Haiwezi vyote viwili. Nilimuuliza munganga kama masini inaweza kufungwa nyuma ya piki. Alinichukua kwa heshima, hakucheka. Alisema lile sanduku lenye kugeuza umeme limejengwa ndani ya ukuta, na hata kama lingetoka, masini na piki zikikula batri pamoja, hatufiki hata ku daraja. Alizima friji ya chanjo na taa zote ili batri ilishe masini peke yake. Nilimuuliza pia, bila masini, mutoto anaweza kuvumilia njia? Alisema, "Wengine mapafu inafunguka ghafla." Lakini alisema vile akiangalia dirisha.

Mimi na Janvier tulizungumuza pale nje, kidogo tu. Yeye alisema, "Tukichomoa sasa, tunafika Masisi wote wanne."

Nikamuambia, "Tunafika watatu."

Alienda akaketi juu ya piki yake, ile yenye haina batri, akashika usukani na mikono miwili. Asifiwe akapanda nyuma yake, akamushika kiuno, akasema, "Papa, endesha." Akangoja. "Papa, endesha basi." Niligeuka, nikaingia ndani.

Hapo njo nilikata shauri. Nilimuambia Janvier achukue Asifiwe aende naye kwa miguu, mimi nibaki. Alikataa. Alisema, "Niliichomoa mara moja. Mara ya pili hapana." Sikumusukuma. Kuko maneno yenye mwanaume akisha kusema, ukiyagusa utamuvunja.

Mama Sifa alikuja bila kuitwa. Bosco alikuwa anapakia nje. Aliketi chini, karibu na miguu yangu, yeye mwenye kuketi ku kiti ya mbele kila mukutano. Alisema, "Bosco atatufikisha mpaka batri iishe, kisha tutatembea. Tunarudi kwetu, mimi pia ni mutu wa Ngungu. Nipe Asifiwe." Nilimuangalia. Akasema tena, "Nipe mutoto mumoja nimufikishe, Mama Asifiwe. Nakuomba." Njo sababu Mama Sifa iko mbele yako. Usimuulize habari ya siku batri zilichomolewa. Hakuna mutu alimuhukumu, ila yeye hajalala. Umupe chakula, umuache alale.

Sasa sikiliza habari ya Asifiwe, kwa sababu nimemuvalisha mimi mwenyewe na najua yeye atakunyamazia. Asifiwe hali maharagi yenye ganda, anaitoa ganda moja moja na kuificha chini ya sahani. Usimupige, umuambie tu unaona. Akisikia kishindo anakimbia chini ya kitanda na hatoki kwa kuitwa. Ukae pale pale, uimbe kitu, atatoka mwenyewe. Atakuambia kama mama yake anakuja kesho, kwa sababu mimi nilimudanganya hivyo. Usimukatalie, na usimuhakikishie. Umutume kuchota maji, umufundishe kupalilia, umurudishe ku masomo ikifunguliwa. Sitaki awe mutoto wa kuhurumiwa, awe mutoto wa kazi na wa adabu. Na jioni umuache aketi ku magoti yako, hata kama mguu unauma. Hilo nakuomba, siagizi.

Najua huko kwenu pia si salama. Vita inazunguka tu, leo kwetu, kesho kwenu. Lakini huko kuko wewe.

Usimutume kaka Dieudonné kuja kututafuta. Nakataza, Mama, na hii mara moja unisikie. Iko na watoto. Hakuna kitu ataweza kubeba kutoka hapa chenye mimi na Janvier hatukuweza kubeba.

Unisalimie kaka na bibi yake mwenye alinifundisha kusuka vikapu. Unisalimie mama mukwe, umuambie mutoto wake Janvier amesimama kama mwanaume, na sababu ya mimi kutomurudisha kwake si ugomvi wetu wa zamani. Umusalimie mutunza kengele ya kanisa, alikuwa rafiki ya Papa. Na jirani yako wa chini, mwenye nguruwe zinaingia ku shamba, yeye pia umusalimie. Siku hizi sina nguvu ya kukasirikia nguruwe.

Imebaki jambo moja. Bosco ananiita, nitaandika haraka.

Mutoto hana jina. Kwetu jina linatoka kwa tate, nyanya ya mutoto, na nilikuwa nakungoja wewe. Munganga alitaka kuandika lolote, nikamukatalia. Siku hii barua inafika, usingoje habari yangu, usingoje mutu wa kutoka huku. Uwaite watu wa nyumba, umushike Asifiwe ku mukono, awe shahidi wa ndugu yake, na umupe mutoto jina, kwa sauti, mulango ukiwa wazi kuelekea huku. Kama angali anapumua, litamufikia. Kama batri imekwisha, litamufikia vile vile. Sitaki aende bila kuitwa.

Masini ingali inakoroma. Naisikia vizuri.

Ni mimi mutoto wako, mwenye hakukusikia juu ya muhogo,

Mapendo